Kuonyeshwa Si Kuwepo

Kila Juni, maonyesho makubwa ya michezo ya video yakishapeperushwa kutoka Los Angeles, meza yangu ya kazi hapa Busia hujaa simu na PS ambazo hazina ubovu wowote. Wenyewe hawakuja kutengenezewa kitu. Wamekuja na swali, na huliuliza kwa maneno yale yale kutoka Marachi hadi Mundika: "Fundi, ile gemu ya juzi unaweza kuniwekea?" Nikisema haiwezekani, la pili liko tayari mdomoni: "Basi nani anayo?"

Hakuna aliye nayo. Mara nyingi hata aliyeitangaza hana. Swali hili nimelijibu dukani, nimelijibu kwa kinyozi, nimelijibu hata matangani kule Nambale watu wakiwa wamekaa kwa msiba, na sasa naliandika ili atakayeliuliza tena nimpe karatasi asome.

Maonyesho hayo huanza saa nane mchana kwao, ambayo kwetu ni saa sita usiku. Vijana hununua bando la usiku wakakesha. Kukicha, vibanda vya gemu vimegawanyika. Hawa wanaapa kwamba picha safi kama zile hazijawahi kuonekana, na mwaka huu kampuni zimejituma. Wale wamenuna: walingoja gemu fulani wakaletewa nyingine, dakika mbili nzima hazikuonyesha mtu akicheza, watengenezaji wameishiwa. Ubishi huo unaweza kuchukua wiki, na nimeona marafiki wakinyimana padi kwa sababu yake. Pande zote mbili zina kosa moja. Zinapima tangazo zikidhani zinapima gemu.

Maonyesho haya hayakuanzishwa kwa ajili ya mchezaji. E3, iliyokuwa kubwa kuliko yote kwa umaarufu, ilifunguliwa Los Angeles mwaka 1995 kama soko la jumla: wenye maduka walikuja kuamua waagize katoni ngapi kabla ya Krismasi, na waandishi wa habari wakaja kuandika. Ilichukua hadi 2017 ndipo wananchi wa kawaida wakauziwa tiketi kwa wingi, tiketi 15,000. Sony ilijitoa mwaka 2019, korona ikayafuta maonyesho ya 2020, na tarehe 12 Desemba 2023 chama cha kampuni za michezo cha Marekani kikatangaza kwamba E3 imekufa na haitafufuliwa. Siku hizi kinachowafanya vijana wakeshe ni maonyesho ya Summer Game Fest ya mtangazaji Geoff Keighley. Mwaka 2024 jarida la Esquire liliripoti kwamba kionjo cha dakika moja humo kilitozwa dola 250,000. Aliyelipa pesa hizo kwa dakika moja hakuja kukuonyesha kasoro zake. Kwa hiyo mtu akiniambia maonyesho ya mwaka huu yalikuwa matamu au machungu, sijui nimjibu nini. Matangazo ya sabuni huwa hatuyashabikii hivyo.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, kwa maana ndiyo inayowala watu pesa.

Ninaelewa ilikotoka. Sisi ni watu wa mpakani mwa Kenya na Uganda. Sukari, mayai, vitenge, mahindi, vipuri vya bodaboda: kitu kikionekana upande huu, jioni kiko upande ule, kwa forodha au kwa njia za panya. Malaba matrela yamepanga foleni usiku na mchana, na hakuna mtoto wa Bukhayo asiyejua kwamba mzigo ulioko Kampala leo unaweza kuwa Bungoma kesho. Ndiyo maana akili ya kijana hukimbia hivi: nimeiona, kwa hiyo ipo; ipo, kwa hiyo kuna mtu kaishika; kaishika, kwa hiyo tuzungumze bei. Kwa sukari hoja hiyo haina dosari. Kwa gemu ya maonyesho imeoza tangu hatua ya kwanza, kwa sababu ili kuionyesha gemu si lazima gemu iwepo.

Mei 2005 Sony ilikuwa inaitangaza PS3. Ikaonyesha kionjo cha vita, Killzone, askari wakishuka kwenye vyombo vya angani katikati ya moto na moshi, na watu wakaamini wanaona mtu akicheza. Baadaye ikajulikana kwamba picha zile zilitengenezwa kando kama inavyotengenezwa filamu ya katuni, kuonyesha vile watengenezaji walivyotamani gemu yao ije kuwa. PS3 yenyewe ilianza kuuzwa Novemba 2006. Killzone 2 ilitoka Februari 2009. Kwa muda mrefu dunia nzima ilikuwa inabishana juu ya kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukicheza.

Utaniambia siku hizi wanacheza moja kwa moja jukwaani, umeona mtu ameshika padi. Sawa, tuangalie anachokicheza. Kabla ya maonyesho, watengenezaji huchukua kipande kidogo cha gemu, labda dakika kumi, wakakipiga msasa mpaka king'ae. Nje ya kipande hicho hakuna kitu. Ukikata kona ambayo haikupangwa unakutana na jengo lisilo na mlango na barabara isiyokwenda popote. Anayecheza ni mfanyakazi wa kampuni aliyezoezwa kila hatua, wapi ageuke, wapi arushe risasi, wapi asimame mvua inyeshe vizuri. Na mashine inayoendesha yale yote, mara nyingi, ni kompyuta ya bei kubwa iliyofichwa, wala si PS kama ya kwako. Ukiitazama video kwa makini utaona maandishi madogo sehemu ya chini yakikiri hivyo: picha hizi si za mchezo halisi, au zimerekodiwa kwenye kompyuta. Yapo kwa sekunde mbili tatu. Simamisha video uyasome. Sijapata kuona kijana hata mmoja kibandani akifanya hivyo kabla sijamwambia.

Juni 2012 Ubisoft iliionyesha Watch Dogs kwa namna hii: Chicago usiku, mvua, upepo ukipeperusha makoti ya watu, mwanga ukicheza juu ya lami. Ilipotoka Mei 2014 wanunuzi waliweka picha za maonyesho na za diski waliyonunua kando kwa kando, na kilichofuata kilikuwa kelele. Aliens: Colonial Marines ya 2013 ilikwenda mbali zaidi. Tofauti kati ya vionjo na gemu iliyouzwa ilifikishwa kwa wasimamizi wa matangazo Uingereza na mahakamani Marekani.

Lakini kesi inayotuhusu sisi kuliko zote ni Cyberpunk 2077, kwa sababu ilituvunjia PS4, mashine iliyojaa vibanda vyetu. Juni 2019 kampuni ya CD Projekt kutoka Poland ilimtoa mwigizaji Keanu Reeves jukwaani E3, ukumbi ukapasuka kwa vifijo. Tarehe ya kutoka ikatajwa: Aprili 2020. Ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wakaguzi wa magazeti walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hapo tu mtu mwenye PS4 alipaswa kushtuka. Kwenye PS4 ya kawaida gemu ilikuwa inakwama, inajizima, watu wanatokea bila nyuso. Haikufika hata wiki mbili Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarudishia watu pesa. Ilirudi dukani Juni 2021. Leo watu wanaisifu, na kwenye mashine mpya inastahili sifa. Ila aliyeinunua siku ya kwanza kwa ajili ya PS4, kwa kuamini alichokiona jukwaani, alinunua kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa.

Na hizo ni zilizotoka. Agent ya Rockstar ilitangazwa E3 ya 2009 na haikutoka kamwe. Scalebound ilitangazwa 2014, ikafutwa Januari 2017 baada ya watu kuingojea miaka miwili na nusu. Elder Scrolls VI ilionyeshwa Juni 2018 kwa video isiyofika dakika moja, milima na jina, basi. Ninapoandika haya haijatoka. Ipo pia mifano ya kungoja kulikolipa. Final Fantasy VII Remake ilitangazwa 2015, ikatoka Aprili 2020 ikiwa nzuri kweli. Lakini piga hesabu: mtoto aliyeiona akiwa darasa la nne aliicheza akiwa sekondari.

Hapa ndipo wauzaji wa ujanja wanapopata mlango. Mtu akishaamini kwamba gemu ipo mahali fulani, atatokea wa kumwambia inapopatikana.

Kijana mmoja wa Matayos aliniletea simu yenye faili aliyouziwa kwa flashi, imeandikwa FC 26, jina la gemu ya mpira. Niliifungua mbele yake nikimwonyesha hatua kwa hatua. Kwanza uzito: faili haikufika gigabaiti mbili, ilhali FC 26 halisi kwenye PS5 hula makumi ya gigabaiti. Pili, ilikuwa inafunguliwa kwa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijifanye PSP. PSP, ile ndogo ya mkononi, Sony iliacha kuiuza mwaka 2014, na diski yake ilibeba gigabaiti 1.8 kwa wingi. Hakuna kampuni duniani inayoitengenezea gemu leo. Tatu, nilitazama namba ya gemu iliyomo ndani ya faili. Ilianza na ULES, herufi za gemu za PSP zilizouzwa Ulaya. Ilikuwa PES 2014 iliyovishwa jezi mpya, nembo mpya na majina mapya. Tukaanzisha mechi, na kabla ya mapumziko mtangazaji akawa ameshamwita winga wa sasa kwa jina la mchezaji aliyestaafu zamani.

Sina neno na waliovisha jezi. Ile ni kazi ya ustadi, na simu ya bei nafuu inaicheza vizuri. Kijana naye anaifurahia, na aendelee. Neno langu ni kwa aliyemwambia kwamba hii ndiyo ile ya maonyesho, akamtoza pesa za kitu ambacho hakimo ndani ya flashi wala hakiwezi kuingia.

Mbaya zaidi ni GTA VI ya simu. Haipo. Rockstar ilitoa kionjo cha kwanza Desemba 2023, ikaahidi 2025, ikasogeza hadi Mei 2026, kisha ikasogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026, na ilichotangaza ni PS5 na Xbox Series tu. Hata hivyo kila mwezi naletewa simu iliyowekewa "GTA 6" kutoka kwenye kiungo alichotumiwa mtu WhatsApp. Programu hiyo hufunguka kwa picha ya kionjo, ikaomba ruhusa ya kusoma jumbe zako, majina yaliyomo simuni mwako, na kuweka programu nyingine mbili ili "kuthibitisha". Gemu ya magari ina kazi gani na jumbe zako za M-Pesa? Watu wazima, wenye maduka, wamebonyeza kukubali huku wakiona wanachoombwa. Hilo hunikasirisha, na sitaficha.

Halafu kuna wale wanaoambiwa PS4 ikifleshiwa inakuwa PS5. PS4 ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, PS5 ina 16 za aina ya kasi zaidi, na hifadhi yake ni ya kizazi kingine kabisa. Hakuna programu inayoongeza chuma. Kufungua PS4 kwa ujanja hufanya kazi kwa matoleo fulani tu ya mfumo wake, na baada ya hapo huna budi kuiweka mbali na mtandao, la sivyo inaweza kufungiwa. PS3 nayo ilisimama kwenye FIFA 19. Chochote unachouziwa kwa PS3 chenye mwaka mpya kuliko huo ni jezi tu.

Je, kuna siku wachezaji walinuna kwa sababu ya maana? Ipo, na ningependa vijana wetu waijue kuliko wanavyojua vionjo. Mwaka 2013 Microsoft ilileta Xbox One yenye masharti. Mashine ilitakiwa iguse mtandao angalau mara moja kila saa 24, ama gemu zikatae. Diski uliyonunua ungeweza kumpa rafiki mara moja tu, tena awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa siku zisizopungua 30. Ifikirie hiyo Busia: umeme umekatika, tokeni zimeisha, bando limeisha, na mashine ya dola 499 inakudai mtandao ndipo ikuruhusu kucheza diski uliyolipia. Uifikirie kwenye kibanda, ambapo diski moja hupita mikono minane kati ya hapa na upande wa Uganda na kila mmoja huiuza kwa bei ya chini kidogo. Biashara nzima ingekufa. Tarehe 10 Juni, pale E3, Sony ilisimama ikasema PS4 itauzwa dola 399, diski za mtumba zitacheza, na mtandao si sharti. Ukumbi ulishangilia kama uwanja wa mpira. Sony ikatoa na video fupi ya maelekezo ya kuazimana gemu: kati ya wakuu wake wawili, Adam Boyes na Shuhei Yoshida, mmoja akamkabidhi mwenzake kasha la diski, mkono kwa mkono, maelekezo yakaishia hapo. Tarehe 19 mwezi huo huo Microsoft ikarudi nyuma na kufuta masharti yote.

Malalamiko yale hayakuhusu picha wala mvua ya Chicago. Yalihusu nani anamiliki diski, na hakuna sehemu duniani ambako swali hilo lina uzito kuliko kwenye miji kama wetu. Lilizuka tena Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti za PSN, huduma isiyotolewa rasmi Kenya wala Uganda. Watu wakapaza sauti, Sony ikalegeza baada ya siku chache.

Kinyume chake ni kilichotokea Novemba 2018 Anaheim, kwenye maonyesho ya Blizzard. Walitangaza Diablo Immortal, gemu ya simu, na ukumbi ukazomea. Nakumbuka vijana wetu nao wakizomea, kila mmoja akiwa ameshika simu, kifaa cha pekee cha kuchezea alicho nacho. Waliazima hasira ya watu wenye kompyuta za bei ya shamba. Cha kulalamikia katika gemu ile kilikuja kuonekana ilipotoka 2022: jinsi inavyomkamua mchezaji pesa ndani kwa ndani. Kuhusu hilo vibandani sikusikia neno.

Kwa hiyo ukikesha tena, tafuta majibu ya mambo machache ambayo kionjo hakitakwambia kwa sauti. Inatoka kwa mashine gani? Kama hawakutaja PS4, haitoki PS4. Ina diski, na ndani ya diski kuna nini? Ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na chini ya megabaiti 100, zilizobaki zote upakue kwa bando lako. Inachezeka bila mtandao? Usilipie kabla haijatoka. Ngoja wiki mbili, tafuta video ya mtu wa kawaida akiicheza kwenye mashine kama yako. Mwenye PS4 bado anahudumiwa, FC 26 halisi ipo kwa PS4. Mwenye simu, eFootball ya Konami ni bure na inapatikana kwenye duka rasmi la programu. Ukitaka karata, Matatu ya Kola Studios wa Kampala inatosha kumaliza jioni. Kadi za duka la PlayStation lazima zilingane na nchi uliyofungulia akaunti, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ukiona PS5 ya bei nafuu, hakikisha ina mlango wa diski. Zipo zisizo nao, na PS5 Pro ya 2024 huuzwa bila huo mlango. Kama ulishaweka ile GTA ya uongo, zima data, iondoe pamoja na zilizokuja nayo, badilisha nambari ya siri ya M-Pesa ukitumia simu nyingine, kisha urudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Na PS ya mtumba ukiitoa upande wa pili, ipitishe forodhani: haikutengenezwa Afrika Mashariki, kwa hiyo ule utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo hauihusu. Kabla hujatoa pesa, iwashe dukani kwa muuzaji, tia diski yako mwenyewe, ucheze nusu saa nzima huku ukisikiliza feni.